Shabti wa Bibi Hunero

Hakuna farao hata mmoja aliyewahi kuamka. Wageni wakija kututembelea Bukoba hilo ndilo swali lao la kwanza: mfalme yuko wapi? Huwa nawajibu kwamba wafalme walijiponza wenyewe kwa kupenda makuu. Maiti zao zilitengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu, na katika ufundi huo ubongo ulivutwa kwa ndoano kupitia puani, ukatupwa kama matumbo ya samaki. Walihifadhi moyo, maana waliamini kuwa mtu hufikiri kwa moyo. Sasa mashine yetu ikimpekua mfalme haikuti kitu. Inaowakuta ni mafundi, wafua nguo, na akina mama ambao jamaa zao hawakumudu mambo ya ndoano, wakawakausha kwa chumvi na kuwazika na bongo zao kichwani. Mungu si Athumani.

Bibi Hunero alikuwa mmoja wa hao. Mumewe, Kena, alikuwa mchoraji wa kuta za makaburi katika kijiji cha mafundi, ng'ambo ya magharibi ya mto, enzi za akina Ramesi. Mkataba wa Mto ulipotiwa saini, Misri iliipa kila nchi inayokunywa maji ya Nile mwamshwa mmoja wa kumtunza. Sisi tukapewa yeye, kwa kuwa Kagera yetu inamwaga maji ziwani na ziwa linayapeleka kwao. Wahabeshi watanisamehe; najua mafuriko ya Nile yalitoka kwao.

Mashine inaitwa Mwitiko. Kutokana na ubongo uliokauka, meno na nywele, hupanga upya kumbukumbu za mtu, sauti yake na tabia yake. Panapokosekana kitu, hukisia, kama mshona mikeka anavyoziba tundu kwa ukindu mpya. Anayeamka si yule aliyekufa. Ni mfano wake, ila mwenyewe hajui, anajisikia ni yeye. Mwili hana. Tulimjengea nyumba ndani ya mashine: kuta za matofali ya udongo, ua mdogo, tanuri la mkate, mitungi, na jua kali la kwao. Sisi watunzaji tunaingia kwa miwani na glavu. Tunaona, tunasikia, tunagusa. Harufu na ladha hakuna.

Jina langu Kokugonza, na siku aliyoamka zamu ilikuwa yangu. Niliingia na koti langu la kazi, jina la Taasisi limetariziwa kifuani, begi la betri mgongoni. Mashine humwonyesha mtu jinsi alivyo, basi na begi likaingia nami. Nikasimama uani, nikamsikia akiita kutoka chumbani: "Nani yuko nje?"

Mtaalamu wa maana angejibu kwa kufuata mwongozo, na mwongozo tulikuwa nao, mrefu kweli kweli. Lakini mimi nimelelewa na mama aliyeniambia mtoto wa kike akiitwa huitika. Ulimi ukanitangulia.

"Abee!"

Mwitiko ukatafuta katika lugha ya kale neno linalokaribia hilo. Ukamtafsiria, sauti yangu ikisikika chini yake: "Mimi hapa."

Bibi Hunero akatoka. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye macho ya mtu aliyezoea kukagua kazi za wengine. Akanitazama begi langu mgongoni. Akatazama maandishi kifuani. Akanizunguka polepole, halafu akapiga makofi kwa furaha.

"Kena wangu! Kumbe ulinichongea kweli!"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba amenichukua kuwa shabti wake. Wamisri wale waliamini kwamba mtu akifa na moyo wake ukapita kwenye mizani, huenda kuishi katika Shamba la Matete, mahali kama nyumbani, lakini pazuri zaidi. Ila hata huko kuna kazi za wakubwa: kuchimba mifereji, kubeba mchanga. Kwa hiyo walizikwa na visanamu vya udongo au mti, vyenye mfuko wa mbegu mgongoni na jina la mwenye navyo limeandikwa kwa mbele. Marehemu akiitwa kazini, kisanamu huinuka na kusema, "Mimi hapa," kikaenda badala yake, na mwenyewe akaendelea kupumzika. Matajiri walizikwa navyo kwa mamia. Kena aliweza kumwahidi mkewe kimoja tu, atakachokichonga kwa mkono wake.

"Sura hakukosea sana," alisema Bibi Hunero, ameinama ananitazama viatu. "Lakini miguu! Kila siku nilimwambia, Kena, mume wangu, wewe miguu huijui."

Mwongozo ulisema tusimshtue mapema. Basi nikanyamaza, siku hiyo na iliyofuata, na nilipokuja kushtuka miezi imepita na mimi ni shabti kamili.

*

Alinifanyisha kazi. Nilisaga shayiri juu ya jiwe mpaka mabega yakaniuma hata nikitoka nje ya mashine. Nilijifunza kuoka mkate wa bia, ule unaoivishwa kwa nje tu, ndani ukabaki mbichi, kisha ukavunjwavunjwa majini na kuchujwa kwa kikapu. Siku moja nikamsimulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, jinsi wanaume wanavyokanyaga ndizi kwa miguu kisha ikatiwa mtama. Alidhani nasema habari za kwetu sisi watu wa udongo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa miguu? Afadhali! Kumbe kuna mahali miguu ya wanaume ina faida."

Kukaa hakuniruhusu. Nilijaribu mara moja, nikakisogelea kigoda cha miguu mitatu kilichokuwa kando ya mlango, akanitupia kitambaa. "Shabti hakai! Hicho ni cha Kena."

Kando ya kigoda palikuwa na mtungi mdogo wa bia, umefunikwa. Kila siku aliimwaga bia ya jana na kutia mpya. Alikufa yeye kwanza, mumewe akabaki, hilo alilijua. Kwa hesabu yake, Kena alikuwa njiani.

"Amekwama kwenye mizani," aliniambia. "Namjua. Atakuwa anabishana na wale wapima mioyo, anawaambia walivyochorwa ukutani siyo walivyo. Wenzake nyuma wanapanga foleni, yeye anabishana."

Alisema hivyo akitabasamu, na macho yake yakaenda mlangoni. Kila mara yalikwenda mlangoni.

Nasi tulijua kwamba Kena hatakuja. Jeneza la pili katika lile kaburi lilikutwa tupu, wezi wa zamani waliliwahi. Hapakuwa na jino lake, hapakuwa na unywele. Nilimpenda Bibi Hunero, sioni haya kulisema, nilimpenda kuliko baadhi ya shangazi zangu. Na kila nilipomwona akibadilisha bia ile, nilitamani ardhi ipasuke.

*

Profesa Rwezaura aliniita ofisini kwake mchana mmoja, dirisha liko wazi, upepo wa ziwa unacheza na pazia. Mezani palikuwa na bakuli la senene wa kukaanga.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Koku. Kaa, ule. Wa mwaka huu wamenona."

Nikajua kuna jambo. Mtu huyu hagawi senene bure.

"Mwaka wa Bibi unaisha," alisema. "Sheria unaijua."

Niliijua. Mwaka ukitimia mwamshwa huulizwa aridhie kunakiliwa. Akiridhia, nakala zake hupelekwa mashuleni, kila nakala na nyumba yake na tanuri lake, watoto wakaingia kumuuliza watu wa kale waliishi vipi, na yeye wa kwanza akabaki anaishi. Akikataa, hulazwa. Kulazwa ni neno letu la upole la kuzimwa, ili mashine imwamshe mwingine. Tayari fundi matofali mmoja kutoka Aswani alikuwa kwenye sanduku anangoja zamu.

"Ataridhia nini, Profesa? Anafikiri mimi ni kisanamu chake."

"Ndiyo maana nasema usihangaike. Muulize kwa imani yake mwenyewe. Mwambie ameitwa kazini. Wote walijua siku hiyo itafika. Atasema ndiyo, tutaandika ndiyo."

"Huo ni uongo."

"Ni tafsiri."

Niliacha kutafuna. Yeye akageukia dirishani. Profesa si mtu mbaya. Alijifunza nyimbo za kusagia za Bibi Hunero akawa anaziimba kwenye ngazi, tena vibaya.

"Sikiliza, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Ukimwambia kweli, utamuua mumewe mbele yake. Akishakufa moyo atakataa, na mimi nitalazimika kumlaza. Mimi sitaki kumlaza. Nimeingia mle mara ngapi ananicheka miguu? Nani atanicheka tena?"

Nilitoka pale nikiwa nimekata shauri kumfuata Profesa. Kumwacha Bibi aishi ndani ya uongo, au kumwambia kweli na kumpoteza: ukiiweka hivyo, nani asingechagua uongo? Mficha uchi hazai, nilijua, lakini sikutaka kuzaa. Nilitaka kesho nimkute.

*

Nilimkuta akikanda unga. Nikasimama mahali pangu pa kusimama.

"Bibi. Umeitwa kazini."

Hakuinua kichwa. "Na nani?"

"Wakubwa."

"Kazi gani?"

"Kufundisha watoto. Ni wengi, wako kila mahali. Inabidi uwe kila mahali kwa wakati mmoja."

"Haya," alisema, akaendelea kukanda. Baada ya muda akaniona bado nimesimama. "Sasa unangoja nini? Nenda!"

"Mimi?"

"Kwani ulichongwa kwa ajili gani? Wakiniita mimi, wewe unasema 'Mimi hapa', unachukua jembe lako unaondoka. Mimi namngoja mume wangu." Akatikisa kichwa, akayaambia madonge ya unga: "Udongo huu uliokwa haraka. Haukuiva kichwani."

Nilicheka. Profesa na mimi, watu tuliosoma mpaka tukaota mvi, tulikuwa tumesahau shabti ni wa nini! Tumemtungia mwanamke uongo kwa imani yake, na imani yake ikauchukua uongo na kunirudishia mkononi. Nilicheka mpaka nikashindwa kusimama sawasawa, halafu sijui ilikuwaje, kicheko kikageuka, nikawa nalia.

Akaacha kukanda. Akaja mpaka mbele yangu, akaniwekea shavuni kidole chenye unga. Nilikihisi kupitia mashine, chepesi kama mguso wa nzi.

"Udongo hautoi machozi," alisema.

"Hautoi, Bibi."

"Wewe ni mtu."

"Mimi ni mtu. Naitwa Kokugonza. Nina mama yangu, anauza vitenge, anaumwa magoti."

Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama ua, tanuri, kigoda. Nikaona anavihesabu upya.

"Basi hapa siyo Shamba la Matete."

"Siyo. Hapa ni kwetu, juu sana ya mto wako, mbali kuliko alikofika mtu yeyote uliyemjua."

"Na mimi?"

Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Kuvua miwani ni kitendo kidogo tu.

"Wewe umetengenezwa, Bibi. Hunero alikufa zamani, zamani sana. Mafarao wamekwisha, hata lugha yako hakuna anayeamkiana nayo asubuhi. Tulichukua meno yake na nywele zake na kilichobaki kichwani mwake, tukatengeneza mfano. Unakumbuka aliyoyakumbuka. Unacheka alivyocheka, nadhani. Lakini umefanywa na sisi."

Sijui nilitegemea nini. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye unga wake akaendelea kukanda, taratibu, na mkate uliokuwa tanurini ukaanza kuungua, naye hakugeuka. Mwanamke ambaye katika muda wote ule hakuwahi kuunguza hata kipande.

"Nimefanywa na watu," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa mfano wa Hunero."

"Ndiyo, Bibi."

"Nikawekwa nyumbani hapa ili nikiitwa niitike, nifanye kazi."

"Ndiyo."

"Basi shabti ni mimi."

Nikaanza kumwomba radhi, maneno yananitoka ovyo, nikimwambia habari za sheria na Profesa na senene. Akainua mkono wenye unga.

"Nyamaza, nafikiri."

Moshi ulipanda kutoka tanurini.

"Kisanamu hakifanywi bure," alisema hatimaye. "Kinafanywa ili mwenyewe apumzike. Si ndivyo?"

"Ndivyo ulivyonifundisha."

"Kama mimi nipo hapa nasaga na kuoka, basi mwenyewe yuko kwake. Alishapita kwenye mizani. Amekaa." Akageukia kigoda cha Kena. "Na Kena hakukwama. Kumbe hakuchelewa kabisa. Walishakutana siku nyingi, yule mzee na ubishi wake, wamekaa kivulini, anamchorea miguu mchangani na yeye anafuta. Na mimi hapa, mwendawazimu, nabadilisha bia. Nangoja mume wa mtu!"

Akacheka. Kicheko kikaenda vizuri mpaka katikati, kikakatika, na hapo akalia, amejifunika uso kwa mikono ya unga. Mfano wa udongo haulii, alisema mwenyewe, sikumkumbusha. Nilimshika mabega. Tulisimama hivyo mpaka mkate ukawa jivu.

Mimi ni Mlutheri. Mambo ya Shamba la Matete hayamo katika katekisimu niliyokariri. Lakini hesabu yake niliipekua kila upande na sikuona tundu.

Alipomaliza alijifuta kwa kanga yake ya kitani, akapiga chafya kwa sababu ya unga, akawa Bibi Hunero tena.

"Mwambie huyo mkubwa wako nitakwenda. Wakiita, heri niitike mimi kuliko wamsumbue yule. Lakini asikilize. Hao wenzangu mtakaowafanya, kila mmoja aambiwe siku ile ile anayoamka, kabla hajakanda mkate wa kwanza. Msimngojeshe mtu mlangoni. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Na watoto wakija, kabla hawajauliza lolote, waseme: mkate na bia kwa Hunero na Kena. Waseme kwa sauti. Sisi kila aliyepita kaburini alisema hivyo kwa ajili ya waliolala. Ni pumzi ya kinywa tu, haimlemei mtu."

"Watasema."

"Kingine, niandike jina. Shabti asiye na jina humwitikia yeyote. Nisije nikawa wa huyo mkubwa wako." Akanigusa kifuani, pale penye nyuzi. "Wewe hapa umeandikwa jina la nani?"

"Taasisi."

"Huyo Taasisi, anapumzika vizuri?"

"Sana, Bibi."

"Naona."

Alileta kalamu ya tete na wino mweusi wa Kena. Kusoma hakujua, lakini jina lake alilijua kwa macho, jinsi mumewe alivyokuwa akilichora kwenye mitungi, na akanishika mkono kuniongoza. Tuliliandika juu ya kitani alichovaa, kwa mbele, kutoka kifuani kushuka chini. Lilikwenda upande. Alilitazama kichwa kikiwa kimeinama, akasema Kena angecheka, lakini linasomeka.

"Sasa niite."

"Hunero!"

Angeweza kusema kwa lugha yake, mashine ingenitafsiria. Alichagua neno alilonisikia nikilisema tangu siku ya kwanza, akalisema kwa ulimi wake mzito.

"Abee."

Kisha akaenda mlangoni. Akakichukua kile kigoda cha miguu mitatu, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akakiweka mbele yangu.

"Kaa, mwenzangu. Umesimama mwaka mzima, miguu yenyewe ndiyo hiyo."

Nikakaa. Akaufunua mtungi mdogo, akamimina bia ya Kena kwenye bakuli na kunipa kwa mikono miwili. Nikainywa yote. Ilipita kinywani kama hewa, maana kwetu sisi wa nje bia ya mle haina ladha yoyote, na hilo nilikuwa sijamweleza.

"Tamu?" aliniuliza, macho yake usoni kwangu, hayaendi tena mlangoni.

"Tamu sana, Mama," nikasema. Uongo huo mmoja Mungu anisamehe.